Picha ya Kuibia na Picha ya Pozi

Ndugu msomaji, kabla hujanilaumu jibu kwanza swali hili. Una picha zako mbili. Moja ulipigwa bila kujua, umekaa kituoni unasubiri gari, mdomo wazi, mawazo yako yako kwenye kodi ya chumba. Nyingine uliisimamia mwenyewe studio, shati limepigwa pasi, shingo umeikaza kama askari. Ipi kati ya hizo ni wewe?

Vijana wengi tunaojifunza kuandika tutasema ya kwanza, tena bila kufikiri. Eti ile ya studio ni maigizo, ya kituoni ndiyo maisha. Imani hiyo nimekuwa nayo tangu nianze kushika simu yenye kamera, nikaihubiri kwa wenzangu, na mwisho ikanipeleka mahali pa aibu. Leo nataka kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya. Naona ni dhana mbovu, na ubaya wake ni kwamba imeshatoka kwenye picha ikaingia kwenye hadithi zetu.

Mimi naishi Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, barabara ya kwendea Kondoa na Arusha. Watu wa mjini wanatujua kwa mambo matatu: visima vinavyowapa maji, zabibu, na kambi ya JKT. Tangu tarehe 26 Aprili 2018, Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji, na sisi tumekuwa watu wa jiji, ingawa mbuzi wetu hawajaarifiwa. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, nyuso zikaanza kuongezeka: mafundi ujenzi, makarani, madalali wa viwanja, mama ntilie waliowafuata mafundi ujenzi. Zamani ukipanda gari kwenda mjini ulisalimia mpaka mate yakakauka. Siku hizi unaweza kufika Jamatini usimfahamu mtu hata mmoja ndani ya gari. Kwa mtu anayetaka kuandika riwaya huo ni utajiri. Ndivyo nilivyouona mimi.

Nimemaliza kidato cha nne, matokeo tusiyazungumze. Nasaidia kazi dukani kwa mjomba wangu, duka la fotokopi na picha za paspoti. Jioni na siku za mapumziko nilikuwa na kazi yangu nyingine: kuwapiga watu picha za kuibia. Unajifanya unaongea na simu, kumbe unapiga. Unajifanya unasoma ujumbe, kumbe unapiga. Nimepiga Soko la Majengo, nimepiga Nyerere Square, nimepiga ndani ya magari. Nilizotaka nikazitoa kwa mashine ya mjomba, kwa karatasi za kawaida, nikazibandika ukutani juu ya kitanda. Kila uso niliupa jina, kazi na dhambi. Rafiki zangu wakija walisema, "Bwana we, hii ndiyo riwaya yenyewe!" Nami nikavimba kichwa.

Mmoja wa watu wangu wa ukutani alikuwa mzee fundi baiskeli, anayekaa chini ya mwarobaini kando ya barabara kuu na beseni lake la maji ya kupimia pancha. Nilimpiga mchana wa jua kali. Ameinama juu ya beseni, macho yamezama, jasho limechora mfereji shavuni. Kwa vipimo vyangu vya wakati ule picha hiyo ilikuwa na kila kitu: uzee, ufukara, majuto. Majuto niliyatoa wapi? Sijui. Mzee alikuwa anatafuta tobo kwenye tyubu.

Nikamwandikia hadithi. Katika hadithi alikuwa mtu aliyewatelekeza mke na watoto Tabora, akaja kujificha Dodoma, na sasa roho inamsuta kila anapoona tairi likizunguka. (Mnisamehe kwa hilo tairi.) Hadithi ikatoka katika jarida dogo kama hili. Sikutaja jina lake maana nilikuwa silijui. Lakini nilimwelezea kwa uaminifu wote wa picha: kovu la juu ya jicho, kidole kilichokatika ncha, kofia, mwarobaini, beseni. Makutupora kuna miarobaini mingi. Beseni la namna ile na kovu la namna ile ni moja tu. Mjukuu wake anasoma sekondari. Akamsomea babu yake yote, mwanzo mpaka mwisho. Nikaitwa.

"Mbukwenyi, babu," nikasalimia. Akaitikia, akaniacha nimesimama mpaka alipomaliza tairi la mteja.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi Tabora sijafika."

"Ni hadithi tu, babu."

"Nimeambiwa. Haya, hadithi tuiache. Huyu kijana anasema utakuwa ulinipiga na picha, ndiyo maana ukakijua mpaka kidole. Iko wapi?"

Swali hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kutetea uhuru wa mwandishi, nimebeba hoja zote za fani na maudhui tulizofundishwa shuleni, na mzee akaniulizia picha yake kama mtu anayeulizia baiskeli aliyoiacha kwa fundi. Kwake jambo lilikuwa jepesi. Picha ni yake, mimi ninayo, hajapewa.

Nikaenda mjini kuisafisha vizuri, kwa karatasi ya kung'aa, nikampelekea. Aliishika mbali na macho. Akaisogeza. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Huyu kafiwa na nani?"

"Ni wewe, babu."

"Najua ni mimi. Nauliza nimefiwa na nani. Nimeinamisha uso hivi, nitampa nani? Watoto wangu wakiiona watapanda basi usiku huu huu kuja kuniuguza."

Watoto wake, ndugu msomaji. Anao wanne, hajamtelekeza hata mmoja.

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Kwanza nilimwona mzee hajui sanaa. Halafu nikaanza kuziangalia upya picha za wapiga picha wakubwa ambao ndio waliotufundisha, kwa mifano yao, kwamba uso ulioshtukizwa ndio uso wa kweli.

Chukua picha ya Dorothea Lange, Mmarekani, aliyoipiga California mwezi Machi 1936: mama mwenye wasiwasi, mkono shavuni, watoto wawili wameficha nyuso mabegani mwake. Kila anayesoma habari za upigaji picha ameiona. Ni picha nzuri, sibishi. Ukiiona mara moja huisahau. Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumuuliza yule mama jina wala historia yake. Dunia ilikaa zaidi ya miaka 40 bila kujua anaitwa nani. Jina lake, Florence Owens Thompson, lilijulikana mwaka 1978, naye alipozungumza hakushukuru. Alisema aliahidiwa nakala na hakuletewa. Hapo nilipofika, nilisimama kusoma. Mama wa California na mzee wa Makutupora wanadai kitu kimoja!

Chukua na ile ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, aliyepigwa na Steve McCurry mwaka 1984 kwenye kambi ya wakimbizi Pakistan, ikawekwa jalada la National Geographic toleo la Juni 1985. Sharbat Gula alipopatikana mwaka 2002, alikuwa hajawahi kuiona picha hiyo. Miaka 17 uso wake umezunguka dunia nzima, umetundikwa kwenye kuta za watu asiowajua, yeye hana. Tena alikumbuka kwamba siku ile alikasirika. Sasa rudi uyatazame yale macho. Wahakiki walisoma humo vita, ukimbizi, mateso ya taifa zima. Inawezekana vyote vimo. Lakini kimo pia kitu kidogo ambacho hawakukisoma: mtoto wa kike amekasirishwa na mwanamume mgeni mwenye kamera. Kile tulichokiita "hali halisi" kilikuwa kwa sehemu ni jibu lake kwa mpiga picha.

Basi nikauliza, na sisi wa upande huu tulikuwa tunafanyaje? Maana kuwapiga watu picha mjini si jambo jipya kwetu. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baada yake mwanawe Rohit akaishika kuanzia 1983. Hapo walipigwa masultani na wakapigwa watu wa mtaani. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, aliyejifunza kazi mwenyewe na kuzunguka mitaani na kamera kabla ya kuwa na studio yake. Bakor alikuwa fundi wa mkasi: alikata picha, akaunganisha, uso wa mtu ukachomoza ndani ya ua. Na Mombasa, pale kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 walikuwepo wapiga picha wenye vibanda vya mandhari za kuchora na kubandika: meli, ndege, majumba ya ghorofa. Kijana aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya meli ya rangi, akapigwa, akatuma nyumbani.

Wengine watacheka. Hata mimi nilicheka nilipoona mara ya kwanza picha za namna hiyo. Meli ya karatasi! Mtu ndani ya ua! Lakini hebu tuzisome kwa makini kama tunavyosoma shairi. Yule kijana wa Likoni hamdanganyi mtu. Mama yake nyumbani anaiona kabisa meli ni ya kuchora. Anachosoma mama ni hiki: mwanangu yuko pwani, ana afya, ana shati, na ana habari kwamba kuna safari zaidi ya hapo alipofika. Hiyo ni taarifa kamili. Sasa mpige kijana huyo huyo kwa kuibia, amebeba gunia bandarini. Utapata gunia. Picha gani imesema mengi zaidi juu ya mtu, na ipi imesema mengi juu ya gunia?

Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwawekea wateja wake suti, saa ya mkononi, redio, hata pikipiki, waazime kwa ajili ya picha. Zile picha ndizo dunia nzima sasa inazisifu. Mwaka 1991 zilipoonyeshwa New York kwa mara ya kwanza, ziliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Sikiliza hapo. Mtu aliyetumia maisha yake kuwapa watu sura waliyoitaka, naye akatundikwa ukutani bila jina kama mtu wa kituoni. Aliishi kuona kosa hilo likisahihishwa; alifariki 2001.

Dukani kwa mjomba kuna koti jeusi limetundikwa kwenye msumari. Halina mwenyewe. Anayekuja kupiga paspoti bila koti analivaa, hata kama mikono inazidi. Kuna kioo kidogo na kitana. Nimefanya kazi pale miaka mitatu nikiliona lile koti kama kichekesho, na siku moja nikagundua kwamba nimewaona mamia ya watu wasionijua wakifanya mbele yangu kitu kile kile: wanaingia wamechoka, wanajitazama kwenye kioo, wanavuta pumzi, halafu uso unapanda. Sijui niite nini. Uso unapanda tu, kama mtu anayesimama kumpokea mgeni. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta Jamatini na sokoni kwa kujificha nyuma ya simu, na kilikuwa kinaniletewa dukani kila siku na mwenyewe. Sikukiona kwa sababu nilishaambiwa ni pozi.

Hapa najua kuna mwenzangu atainuka na kusema: pozi nalo linaweza kuwa la kulazimishwa. Ni kweli, na ushahidi wake uko karibu nasi. Zama za Wajerumani na baada yao, watu wa huku bara walipigwa picha nyingi wamesimamishwa, ubavu na mbele, mkuki mkononi, na chini ikaandikwa kabila peke yake: Mgogo, Mnyamwezi. Hao hawakuibiwa kwa kujificha. Walisimama wakijua wanapigwa. Lakini aliyechagua mkuki ni nani? Kwa hiyo sitetei pozi kwa kuwa ni pozi. Ninachouliza ni nani kachagua, na picha ilipokamilika ilikwenda kwa nani. Ukiuliza hivyo, kadi ya Mjerumani na picha zangu za simu zinakaa benchi moja, nami sifurahi kuliandika hilo. Mpigaji kachagua, mpigaji kaondoka nayo. Tofauti ni kwamba yeye aliandika "Mgogo" na mimi niliandika "majuto".

Na kinyume chake kipo pia hapa hapa. Uso wa Mgogo uliosafiri mbali kupita wote pengine ni wa Hukwe Zawose, mpiga zeze na malimba, aliyefariki Desemba 2003. Alipigwa picha na wageni kila nchi aliyokwenda, akiwa na ala zake. Lakini alipanda jukwaani kwa jina lake, na kaseti na sahani zilitoka na jina lake. Mgeni anaweza kumpiga picha mtu wetu bila kumfuta.

Nisiwe mnafiki. Zipo picha za kuibia ninazozipenda mpaka leo, na tatu sijazibandua ukutani. Mama mmoja kwenye daladala amelala, kichwa kimeegemea bega la abiria asiyemjua, na abiria huyo amekaa wima kabisa asimwamshe. Picha hiyo haiwezi kupangwa. Ningewaomba ruhusa ningemwamsha mama, na huruma yenyewe ingeisha. Sijui nifanye nayo nini. Simwonyeshi mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini sidhani kama wali na maharage ya kila siku ya suala hili yatapikwa mahakamani. Pale kambini kwetu kuna tangazo la kukataza kupiga picha na kila mtu analiheshimu, hata walevi. Uso wa mtu hauna tangazo.

Sasa tuje kwetu, wenye kalamu. Mhusika wa hadithi yangu alikuwa mbovu, na ubovu wake haukutokana na kutotazama. Nilitazama mpaka kovu. Alikuwa mbovu kwa sababu nilimtazama wakati yeye hanitazami, nikadhani kimya chake ni nafasi tupu ya kujaza ninachotaka. Soma hadithi zetu nyingi za miaka hii, za mjini hasa: machinga amejaa jasho, mama ntilie amejaa moshi, kahaba amejaa huzuni, mwendesha bodaboda amejaa hasira. Wote wamepigwa kwa kuibia. Hakuna hata mmoja anayejipangusa uso kabla hajaingia kwenye sentensi. Hakuna anayemwambia mwandishi, "Ngoja kwanza nivae koti." Halafu tunasema tumeandika uhalisia! Mzee wangu wa kweli ana utani, ana maringo, ana watoto wanne na hofu ya kuwatia hofu. Vyote hivyo nilivipata katika dakika kumi baada ya picha, na hakuna hata kimoja kilichokuwemo kwenye picha.

Atakayesema mwandishi lazima aombe kibali kwa kila mtu, hajanielewa. Nikiandika juu ya kibaka sitaenda kumwomba kibali kibaka. Nasema tu kwamba namna mtu anavyotaka kuonekana ni sehemu ya mtu huyo, tena sehemu nono, na sisi tumekuwa tukiikata na kuitupa tukidhani ni maganda.

Picha ya pili tuliipiga Jumapili, baada ya ibada. Mzee alikuja na koti la kijivu na kofia nyingine, ya sherehe. Akakataa mwarobaini wake, akasema hapo ni kazini. Akakataa kukaa. Akachagua baiskeli kati ya zile zilizoletwa kutengenezwa, mpya mpya, madigadi yanang'aa, akaweka mkono kwenye tandiko.

"Rudi nyuma. Viatu vionekane."

Nikarudi. Nikapiga sita, akachagua mbili. Kwa vipimo vyangu vya zamani ni picha dhaifu: jua liko nyuma yake, uso mgumu, mkono wa kushoto haujui uende wapi, na pembeni kuna mbuzi anakatiza. Nimeitazama mara nyingi kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilimsafishia nakala tano, nne za watoto. Nyuma ya kila moja alinitajia majina yake matatu, taratibu, herufi kwa herufi, ili nisikosee la baba yake. Nikamuuliza kama naweza kuyaweka na kwenye jarida.

"Kwenye gazeti ulishanipa la kwako," akasema.

Mwenye baiskeli muda wote huo alikuwa amesimama pembeni, pampu mkononi, anasubiri tumalize.